Ugomvi wa Seneta McCain na Mapromota wa Ngumi Ulikuwa wa Hesabu

Julai 2025 wabunge wawili wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, Brian Jack wa Georgia na Sharice Davids wa Kansas, waliwasilisha muswada unaolenga kubadili biashara ya ngumi za kulipwa. Muswada umebeba jina la Muhammad Ali, mjane wake Lonnie ameuunga mkono, na nyuma yake imesimama TKO, kampuni inayomiliki UFC, yaani mashindano ya mapigano mseto (MMA), na mieleka ya WWE. Tangu siku hiyo jina la seneta aliyefariki Agosti 2018, John McCain wa Arizona, limerudi midomoni mwa watu. Wanaoushangilia muswada wanasema McCain alikuwa mzee aliyechukia mapigano ya oktagoni, ule uzio wa pembe nane wa MMA, akaiandama UFC miaka ya 1990, akaacha sheria ya ngumi iliyopitwa na wakati, na sasa wale aliowaandama wamerudi kurekebisha alichoharibu. Hadithi hiyo inavutia kusimulia, lakini si ya kweli, na ikiachwa isambae hivyo bondia ndiye atakayeilipia.

McCain aligombana na watu wa mapigano mara mbili, kwa sababu mbili tofauti, na watu wanazichanganya. Ugomvi wa kwanza ulihusu damu na usalama wa mpiganaji. Huo uliisha zamani, tena uliisha kwa upande wa pili kukubali karibu yote yaliyodaiwa. Ugomvi wa pili ulihusu hesabu: nani anashika fedha za pambano, nani anamwakilisha bondia mezani, na kama mtu mmoja anaruhusiwa kukaa pande zote mbili za meza hiyo. Huo bado unaendelea. Muswada wa 2025 unagusa huo wa pili, na anayeusoma akiwa na ugomvi wa kwanza kichwani hawezi kuona unachokifanya.

Tuanze na ule wa kwanza, maana ndio unaojulikana. UFC ilianza Denver tarehe 12 Novemba 1993, bila madaraja ya uzito, bila majaji, na kwa makatazo machache kama kung'ata na kuchokonoa macho. Mtu wa kilo 80 aliweza kupangiwa mtu wa kilo 180, na hilo lilitangazwa kama kivutio. McCain, ambaye mwenyewe alipigana ngumi alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi la majini Annapolis, aliyaita mashindano hayo mapigano ya majogoo yanayochezwa na binadamu. Mwaka 1996 aliwaandikia barua magavana wa majimbo yote 50 akiwataka wayapige marufuku, na majimbo 36 yakatunga sheria za kuyazuia. Mwaka 1997 alishika uenyekiti wa Kamati ya Biashara ya Seneti, ambayo ina mkono katika mambo ya mawasiliano, na katika kipindi hichohicho kampuni kubwa za televisheni ya kebo ziliacha kuyaonyesha. UFC ikabaki inahangaika kutafuta kumbi katika miji midogo.

Kilichofuata husahauliwa. Wenye mchezo waliweka glavu, madaraja ya uzito, raundi, majaji na orodha ndefu ya makosa, kisha wakaomba kusimamiwa na kamisheni za majimbo, New Jersey ikitangulia na Nevada ikifuata mwaka 2001. Januari ya mwaka huo kampuni ya Zuffa ya ndugu wa Fertitta ilikuwa imeinunua UFC kwa dola milioni 2. Mwaka 2016 iliuzwa kwa takriban dola bilioni 4. McCain mwenyewe alikiri mwaka 2007 kwamba mchezo umesafishwa na haustahili tena jina alilolipa. Madai yake ya msingi yalikuwa kuwe na daktari, kuwe na kanuni, na kuwe na mamlaka inayoweza kusimamisha pambano. Yote matatu yapo leo katika kila pambano la UFC. Anayesema ugomvi huo ulikuwa wa chuki tupu aeleze UFC ingeuzwa kwa bilioni 4 vipi bila kamisheni za Nevada na New Jersey.

Kuna lawama moja dhidi yake inayostahili kujibiwa kwa uzito. Familia ya mkewe Cindy inamiliki kampuni ya kusambaza bia za Anheuser-Busch huko Arizona, na bia hizo zilikuwa mdhamini mkubwa wa ngumi. Wapinzani walisema seneta aliulinda mchezo unaoingiza fedha nyumbani kwake kwa kuupiga mchezo shindani. Mgongano wa maslahi ulikuwepo, na alipaswa kuutaja kila mara alipofungua mdomo juu ya jambo hili. Lakini kama lengo lake lilikuwa kuwafurahisha wakubwa wa ngumi, alichofanya baada ya hapo hakieleweki, kwa kuwa watu aliowabana zaidi kisheria katika miaka yake yote ya useneta walikuwa mapromota wa ngumi na mashirika yanayotoa mikanda.

Kuelewa kwa nini, chukua pambano la Tim Witherspoon na Frank Bruno, Wembley, Julai 1986. Witherspoon alikuwa bingwa wa uzito wa juu. Alishinda ugenini kwa KO ya raundi ya 11. Malipo yake kwenye mkataba yalikuwa dola 500,000. Alichopokea mkononi ni dola 90,094, wakati Bruno aliyepigwa alilipwa takriban 900,000. Tofauti ilikwenda wapi? Promota alikuwa Don King. Meneja, yule ambaye kazi yake ni kumbana promota aongeze dau, alikuwa Carl King, mtoto wa promota. Meneja alikata asilimia 50. Yakafuata makato ya kambi ya mazoezi, ambayo nayo ilikuwa mali ya promota, na makato mengine ambayo bondia hakuwa na karatasi ya kuyahakiki. Witherspoon alishtaki na kesi ikamalizwa nje ya mahakama miaka ya 1990. Muhammad Ali mwenyewe alipitia jambo la aina hiyo baada ya pambano lake na Larry Holmes, Oktoba 1980: alimshtaki King kwa pungufu ya dola milioni 1.17, kisha akiwa mgonjwa akakubali dola 50,000 taslimu ili aifute kesi. Sheria ya mwaka 2000 ikapewa jina lake.

McCain alipita hatua mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Usalama wa Ngumi za Kulipwa, iliyosainiwa Oktoba 1996. Hii inataka kila pambano lisimamiwe na kamisheni, bondia apimwe na daktari kabla ya kupanda ulingoni, daktari awe kando ya ulingo muda wote, gari la wagonjwa au wahudumu wenye vifaa vya kurudisha pumzi wawe eneo la tukio, na kila bondia awe na bima ya matibabu kwa majeraha ya pambano hilo. Kila bondia anapewa kitambulisho chenye namba yake, na akisimamishwa jimbo moja kwa sababu ya KO ya karibuni, jeraha, au mfululizo wa kupoteza, jimbo jingine linapaswa kuiheshimu adhabu hiyo. Kabla ya hapo bondia aliyezimwa Jumamosi huko Ohio aliweza kupigana wiki inayofuata Oklahoma kwa jina jingine. Kwetu Afrika Mashariki mpaka wa nchi unafanya kazi ambayo mpaka wa jimbo uliifanya Marekani wakati ule. Julai 2023 bondia Mtanzania Karim Mandonga alipigana na Daniel Wanyonyi Nairobi, kisha na Moses Golola Mwanza, akapoteza yote mawili ndani ya mwezi huohuo. Kitambulisho kimoja kinachotambuliwa na kamisheni za Kenya, Tanzania na Uganda kingelazimisha mtu kuuliza swali kabla ya pambano la pili.

Hatua ya pili, Sheria ya Muhammad Ali ya Kurekebisha Ngumi, ilisainiwa tarehe 26 Mei 2000, na humo ndimo ugomvi wa hesabu umeandikwa kifungu kwa kifungu. Promota haruhusiwi kuwa na maslahi ya fedha katika umeneja wa bondia, wala meneja katika upromota; kifungu hiki kinawahusu mabondia wa mapambano ya raundi 10 na kuendelea. Promota akimwambia bondia "nitakupa nafasi ya kupigana na mtu wangu ukinipa haki za mapambano yako yajayo", haki hizo hazidumu zaidi ya miezi 12, na katika pambano la lazima la kuwania mkanda hawezi kuzidai kabisa. Mashirika ya mikanda yanatakiwa kuchapisha vigezo vya viwango, na yakimpandisha au kumshusha mtu katika 10 bora yaeleze sababu ndani ya siku 7. Na kabla promota hajachukua chochote, anampa bondia maandishi yanayoonyesha kiasi alichoingia mkataba kupata kutokana na pambano hilo, gharama zote zitakazokatwa kwenye malipo ya bondia, na punguzo lolote lililofanywa baada ya mkataba kusainiwa. Kamisheni nayo inapata nakala ya mkataba pamoja na tamko la kiapo kwamba hakuna mkataba mwingine wa pembeni. Bondia akidhulumiwa ana haki ya kushtaki mwenyewe, bila kusubiri serikali.

Hicho kipengele cha maandishi ndicho moyo wa sheria. Bondia anayejua kwamba televisheni imelipa, kwa mfano, dola milioni 1.7 hawezi kuambiwa hakuna fedha. Sheria haikumpangia kima, ila ilimpa namba ya kuanzia mazungumzo. Mwezi Novemba 1999, wakati muswada ungali bungeni, rais wa shirika la mikanda la IBF, Bob Lee, alishtakiwa kwa kupokea fedha za kupanga viwango, na baadaye akafungwa kwa makosa ya kodi na utakatishaji wa fedha. Vifungu vya viwango havikutungwa kwa hofu ya mambo ya kufikirika.

Wanaomtetea McCain nao wanapaswa kuwa wakweli kuhusu matundu. Sheria haikuunda chombo cha taifa cha kuisimamia. Iliziachia kazi hiyo kamisheni za majimbo, ambazo nyingine zina watumishi wachache na bajeti inayotegemea ada za mapambano yaleyale wanayoyasimamia, pamoja na waendesha mashtaka wa serikali ambao wana mauaji na dawa za kulevya mezani na hawana muda na mkataba wa bondia. McCain aliliona pengo hilo. Alisukuma muswada wa kuunda mamlaka ya ngumi ya kitaifa, Seneti ikaupitisha, Baraza la Wawakilishi likaukataa muswada wake wa aina hiyo Novemba 2005. Kuna pia mlango wa "mshauri": mtu anafanya kazi zote za meneja, lakini kwenye karatasi haitwi meneja. Televisheni na kasino haziguswi maadamu si wao waandaaji wakuu. Na bondia wa raundi 4 au 6, yule mwenye njaa zaidi, yuko nje ya ukuta wa kutenganisha promota na meneja. Sheria hii ni nzuri, lakini ni nusu ya kilichotakiwa.

Ukitazama migogoro mingine ya McCain utaona mkono uleule. Aprili 1999 kamati yake iliibana Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuhusu hongo za Salt Lake City, kashfa iliyofika hadi kwetu: Charles Mukora wa Kenya alijiuzulu uanachama wa IOC mapema mwaka huo, huku akikana kosa. Alitofautiana hadharani na viongozi wa chama chake mwenyewe, Mitch McConnell akiwa mstari wa mbele, mpaka sheria ya fedha za kampeni ikapita mwaka 2002. Novemba 2015 yeye na seneta mwenzake wa Arizona, Jeff Flake, walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa Wizara ya Ulinzi ilikuwa imezilipa timu za michezo dola milioni 6.8 kwa maonyesho ya uzalendo ambayo watazamaji waliyadhani ni heshima ya bure kwa wanajeshi; NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikarudisha dola 723,734 mwaka uliofuata. Katika yote haya swali ni moja: nani amemlipa nani, na kwa nini aliyekaa jukwaani hajaambiwa? Ugomvi wake na Donald Trump, aliyemdhihaki Julai 2015 kwa kuwa alikamatwa mateka Vietnam, ndio unaokumbukwa zaidi kwa sababu ulikuwa na maneno makali na ile kura ya Julai 2017 ambayo McCain aliukataa muswada wa kufuta sheria ya bima ya afya. Lakini hata hapo liko jambo la ulingoni: msamaha wa Jack Johnson, bingwa mweusi wa kwanza wa uzito wa juu, ambao McCain aliuomba kwa miaka zaidi ya 10 kwa marais tofauti, ulisainiwa na Trump huyohuyo Mei 2018, miezi mitatu kabla ya McCain kufariki.

Sasa mlinganishe na mwanasiasa mwingine. Markwayne Mullin wa Oklahoma alipigana MMA ya kulipwa kabla ya siasa. Alipokuwa mbunge wa Baraza la Wawakilishi alipeleka muswada, mwaka 2016 na tena 2017, wa kuipanua Sheria ya Ali iwafikie wapiganaji wa MMA. Randy Couture, bingwa wa zamani wa UFC, alikwenda bungeni kuuunga mkono. UFC iliupinga, na muswada ukafia hapo. Huo ulikuwa ugomvi wa maana, wa kupigania karatasi ya mkataba, na karibu hakuna aliyeufuatilia. Lakini tarehe 14 Novemba 2023, akiwa seneta, Mullin alisoma kikaoni maneno ya kejeli aliyoandikiwa mtandaoni na kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters, Sean O'Brien, kisha akainuka kitini ili wazichape palepale. Mwenyekiti Bernie Sanders alilazimika kumwamuru aketi na kumkumbusha kuwa yeye ni seneta. Video ilizunguka dunia nzima. Nampa Mullin haki yake kwa muswada wa 2016, na naona ni hasara kubwa kwamba anajulikana kwa dakika zile mbili na si kwa ule muswada, kwa sababu kama ungepita, mjadala wa leo ungekuwa tofauti kabisa.

Turudi basi kwenye muswada wa 2025. Unaruhusu kuundwa kwa chombo kiitwacho shirika la ngumi lililounganishwa, UBO kwa kifupi, ambalo litaandaa mapambano, litapanga viwango vyake na litatoa mikanda yake, yote chini ya paa moja. Mfumo wa sasa unabaki kando yake. Wanaoutetea wana hoja tatu za kweli. Ya kwanza: ngumi zimevurugika. Mashirika manne ya mikanda, WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja lina bingwa wake katika kila uzito, na mtazamaji anasubiri miaka kuwaona wakutane. Ya pili: muswada ulipowasilishwa uliweka malipo ya chini ya dola 150 kwa raundi na bima ya chini ya dola 25,000 kwa majeraha, wakati sheria ya 1996 inadai bima bila kutaja kiwango. Kwa bondia wa raundi 4 hiyo ni dola 600. Ukitoa asilimia 10 ya kocha inabaki 540 kabla ya sehemu ya meneja na kodi. Si nyingi, lakini kuna watu wanapigana kwa pungufu ya hapo, na kuzidharau si haki. Ya tatu: UBO inatakiwa kupima dawa zilizokatazwa na kugharamia huduma za afya ambazo promota mdogo hazigusi. Haya yote yangeweza kupitishwa kesho bila kuugusa ule ukuta wa hesabu, na hapo ndipo mashaka yanaanza.

Hoja inayotajwa mara nyingi kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba hakuna anayelazimishwa, bondia atachagua kati ya mfumo wa zamani na UBO. Uchaguzi unategemea uwepo wa wanunuzi wawili wenye nguvu. Katika MMA wapiganaji walikuwa huru kisheria kwenda popote, lakini UFC ilipokuwa na mkanda unaotambulika, viwango na televisheni, pa kwenda hapakuwepo. Mikataba yake ilikuwa na ibara ya bingwa: ukiutwaa mkanda, mkataba unajiongeza. Yaani siku thamani yako inapopanda sokoni ndiyo siku unayozuiwa kuingia sokoni. Ibara ya namna hiyo ndiyo sheria ya mwaka 2000 iliwekwa kuizuia kwenye ngumi. Wapiganaji walishtaki mwaka 2014. Nyaraka za kesi zilionyesha kuwa sehemu yao ya mapato ilikuwa karibu asilimia 20, wakati mabondia wakubwa huchukua nusu au zaidi ya mapato ya pambano lao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 375, na mahakama ikaidhinisha mapema 2025, miezi michache tu kabla ya muswada kufika bungeni. Mpangilio huo wa tarehe ungepaswa kumfanya kila mbunge asome kurasa mara mbili.

Anayetaka mfano wa mtu mmoja amtazame Conor McGregor. Agosti 2016 karatasi ya kamisheni ya Nevada ilionyesha malipo yake ya UFC kuwa dola milioni 3, na ilikuwa rekodi ya kampuni wakati huo. Agosti 2017 kamisheni ileile ilionyesha milioni 30 kwa pambano la ngumi na Floyd Mayweather, ambaye mwenyewe aliandikiwa milioni 100. Namba hizo hazihesabu mgao wa mauzo ya televisheni upande wowote, kwa hiyo pengo halisi haliko vilevile, na umaarufu wa Mayweather ulichangia sehemu kubwa. Lakini mpiganaji ni yuleyule, jimbo ni lilelile. Francis Ngannou wa Cameroon naye alitetea ubingwa wa UFC Januari 2022 kwa dola 600,000 za kwenye karatasi, akaondoka mkataba ulipokwisha, na Oktoba 2023 akapigana ngumi na Tyson Fury Riyadh kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa ya mamilioni. Riyadh haiko chini ya Sheria ya Ali, ni kweli. Iko chini ya soko ambalo sheria hiyo ilisaidia kulijenga, soko ambamo bondia mkubwa ni mali ya nafsi yake na mapromota wanashindana kumpata.

Hoja nyingine, kwamba Sheria ya Ali haitekelezwi hivyo hakuna kinachopotea, ina nusu ya ukweli. Waendesha mashtaka wa serikali hawajaitumia kwa maana. Lakini mabondia wameitumia: Mikey Garcia aliitaja alipoishtaki Top Rank mwaka 2014. Na hata bila mahakama, wajibu wa kuonyesha mapato upo kila mkataba unapojadiliwa, na mwanasheria mzuri anaanzia hapo. Dawa ya sheria isiyotekelezwa ni kuipa msimamizi, kama McCain alivyotaka mwaka 2005. Kumtengenezea njia ya kuikwepa yule mwenye fedha nyingi kuliko wote hakumsaidii bondia ambaye tayari hana msimamizi.

Upepo wa kisiasa nao unaelekea upande mmoja. Trump aliipa UFC ukumbi wake wa Atlantic City mwaka 2001 wakati wengi wakiikwepa, bosi wa UFC Dana White amepanda jukwaa la mkutano wa chama cha Republican kumnadi, na Julai 2025 rais alitangaza kuwa pambano la UFC litafanyika katika viwanja vya White House kuadhimisha miaka 250 ya taifa. Upande wa fedha, TKO imeanzisha Zuffa Boxing, kampuni ya ngumi, kwa ubia na watu wa michezo wa Saudi Arabia. Katika mazingira hayo seneta anayetaka kusimama na kudai kifungu cha mapato kibaki anahitaji aina ya ukaidi ambayo McCain alikuwa nayo, na kwa sasa haonekani aliyejitokeza kuibeba.

Kwa mabondia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo haya si mambo ya mbali. Hassan Mwakinyo alipomwangusha Sam Eggington Birmingham Septemba 2018, raundi ya pili, alikuwa mgeni katika kadi ya promota mwingine, na mgeni anayeshinda ndiye hasa ambaye vifungu vya "haki za mapambano yajayo" huandikwa kwa ajili yake. Uingereza haina sheria inayofanana na ya Ali. Sisi pia hatuna inayoweka wazi mapato ya promota mbele ya bondia, na ni kawaida kabisa kwenye ngumi zetu kukuta promota, meneja na mmiliki wa gym ni mtu mmoja. TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa ya Tanzania, na wenzao wa Nairobi na Kampala, wanaweza kuanza na mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi: fomu moja ya mapato na makato inayosainiwa na promota siku ya kupima uzito na nakala yake kukabidhiwa bondia; katazo la promota kuwa meneja kwa mapambano ya raundi 10 na kuendelea; na daftari la pamoja la mabondia waliosimamishwa kwa sababu za kiafya, linaloonekana na kamisheni zote za ukanda huu kabla ya kibali cha pambano kutolewa. La tatu ndilo la haraka zaidi.

Na bondia atakayeitwa Las Vegas chini ya UBO, ikiwa muswada utakuwa sheria, aulize mambo manne kabla ya tiketi ya ndege kukatwa: nitaonyeshwa mapato ya pambano kwa maandishi au la, mkataba unaisha tarehe gani endapo nitakuwa bingwa, naruhusiwa kuwania mkanda wa WBC au IBF nikiwa ndani ya mkataba huu, na meneja wangu analipwa na nani. Majibu yawe ndani ya mkataba wenyewe, si kwenye barua pepe wala kwa simu, kwa kuwa mikataba ya aina hii kwa kawaida huwa na kipengele kinachofuta makubaliano yote ya nje yake. Kama upande wa pili unakataa kuandika tarehe ya mwisho kwa bingwa, mwanasheria aikate ibara ya bingwa kwa kalamu kabla ya saini, na wakikataa hilo nalo, pambano lisubiri promota mwingine.